Kompyuta ya gemu ya kujiundia: anza kuhesabu kutoka ukutani

Vijana wengi wanaoniuliza kuhusu kuunda kompyuta ya gemu huanza na swali moja: ninunue kadi gani ya picha? Nawaelewa, maana kadi ndiyo inayokula pesa nyingi na ndiyo inayotajwa kila mahali. Lakini kwa mtu anayeishi Dar, Mombasa au Mwanza, nashauri uanzie kwenye soketi ya ukutani, kisha uingie ndani taratibu. Umeme kwanza, halafu pawasaplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), kioo cha kutazamia, na ndipo hiyo kadi.

Mashine yangu ya kwanza niliiunda kinyumenyume. Nilinunua kadi nzuri ya mtumba, pesa ikakata, nikatumia pawasaplai iliyokuja bure na kasha. Ilikuwa nyepesi kama kopo tupu. Jioni moja umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu, ukakatika tena. Nilisikia mlio mdogo tu, tap, chumba kikajaa harufu ya plastiki iliyoungua. Pawasaplai ilikufa, madabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote) ikaifuata. Kadi ilipona, ila nilikaa miezi mitano naitazama kabatini.

Kwa hiyo, ukishika pawasaplai dukani, usidanganywe na namba kubwa ya kwenye boksi. Igeuze ubavu, kuna jedwali dogo. Tafuta palipoandikwa +12V. Prosesa (ubongo wa kompyuta) na kadi ya picha hunywa umeme wao hapo. Chukua ampea zilizoandikwa, zidisha kwa 12. Boksi likisema wati 600 na mstari wa 12V una ampea 25, una wati 300 tu za kutegemea. Yenye wati 550 za kweli huonyesha ampea 45 hivi. Alama ya 80 Plus inaeleza kiasi cha umeme kinachopotea kwa joto, haikuhakikishii kinga dhidi ya umeme kuzidi. Kinga hiyo isome kwenye maelezo ya kifaa chenyewe. Na ukiona swichi nyekundu nyuma yenye 115 na 230, hakikisha iko kwenye 230 kabla hujachomeka chochote. Ikiachwa kwenye 115 hapa kwetu, inalipuka papo hapo.

Sasa hesabu mahitaji. Kadi ya RX 6600 hula wati 132, na AMD wanapendekeza pawasaplai ya wati 450. RTX 3060 hula 170, na Nvidia wanapendekeza 550. Ongeza nafasi kidogo ya kupumua. Kama utaweka UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika), kumbuka VA inayoandikwa juu yake si wati: iliyoandikwa 650VA mara nyingi hutoa chini ya wati 400. Hiyo inatosha kukupa dakika chache za kusevu na kuzima, si kumaliza mechi.

Kioo kinakuja kabla ya kadi kwa sababu ndicho kinachoamua kadi ipi ina maana kwako. Kama ulichonacho nyumbani ni cha 1080p (ukali wa picha) na 60Hz, yaani kinaonyesha picha 60 kwa sekunde, kadi inayotoa picha 140 kwa sekunde itakuwa inafanya kazi usiyoiona. Afadhali kadi ya wastani na kioo cha 144Hz kuliko kadi ya kifahari na kioo cha zamani.

Prosesa na madabodi hununuliwa pamoja, maana lazima vikubaliane. Soketi ya AM4 ya AMD (mahali prosesa inapokaa kwenye madabodi) ni ya tangu 2016 na hutumia RAM (kumbukumbu ya muda) ya aina ya DDR4. AM5 ilikuja 2022 na hutumia DDR5 peke yake. Kwa bajeti ya kawaida bado naipenda prosesa ya Ryzen 5 5600 kwenye AM4: koa (viini vya kufanyia kazi) 6, wati 65, haichemki ovyo. Ila haina picha yake ya ndani, kwa hiyo bila kadi kioo kitabaki cheusi. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni ni hivyo hivyo. Ukipata madabodi ya B450 kwa bei nzuri, muulize muuzaji kama BIOS yake (programu ya kuiwashia) imesasishwa, la sivyo inaweza isiitambue prosesa hiyo kabisa. RAM nunua vijiti viwili vya 8GB badala ya kimoja cha 16GB, vifanye kazi sambamba.

Joto lisidharauliwe. Chumba cha Dar mwezi Februari kikiwa na nyuzi 32, kila kilichomo ndani ya kasha kinaanzia nyuzi 32. Chagua kasha lenye wavu mbele, si lililozibwa kwa glasi, na feni mbili za kuvuta hewa angalau. Pwani kuna unyevu na chumvi hewani. Usiiweke mashine dirishani.

Wengine huanzia kwenye kompyuta za ofisini za mtumba. Si wazo baya, lakini nyingi za HP na Dell zina pawasaplai za umbo lao wenyewe, na zile nyembamba hazipokei kadi ndefu. Humo tafuta kadi ya wati 75 isiyohitaji waya wa ziada, kama GTX 1050 Ti. Angalia na umri pia: Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (kijenzi cha usalama) na, kwa Intel, inapokea karibu prosesa zote kuanzia kizazi cha 8.

Kwenye kadi za mtumba nakuomba usione aibu kumsumbua muuzaji. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha uchimbaji kwa kadi za picha Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni. Si zote mbovu, ila feni zake huwa zimechoka. Iwashwe mbele yako, gemu zito lichezwe dakika ishirini, usikilize feni na uangalie kioo kama kinatoa vidoa vya rangi. Fungua programu ya bure ya GPU-Z. Kuna kadi za zamani zilizobadilishwa jina ndani zionekane mpya, na programu hiyo ikiigundua huandika FAKE mwanzoni mwa jina lake.

Na kabla hujatoa pesa ya madabodi, washa tochi ya simu umulike soketi ya prosesa kwa ubavu. Kwenye AM5 na LGA1700 ya Intel vipini (vijisindano vya chuma) viko kwenye madabodi. Kwenye AM4 viko chini ya prosesa yenyewe. Vyote vinatakiwa kung'aa kwa mstari ulionyooka. Kimoja kikiwa kimelala, mwanga utaruka hapo. Rudisha, omba nyingine.