Machalii wa rock Ara, shoo zenu za kwanza zipigeni hivi

Juzi dogo mmoja wa Sakina, hapa hapa Arusha, kanifuata, ana bendi ya rock ya watu wanne, wamefanya mazoezi miezi kibao kwenye stoo ya mjomba wake na sasa wanataka kupanda jukwaani, akaniuliza kaka tunaanzia wapi. Nikamjibu kirefu mpaka nikaona bora niandike wengine nao wasome.

Ukumbi mkubwa achaneni nao. Tafuteni baa ya watu arobaini hivi, Njiro, Kijenge, hata Moshi kule, siku ambayo mwenye baa analia hana wateja, jumatano au alhamisi, mkamwombe nusu saa tu. Jumamosi hawezi kuwapa, ana DJ wake na watu wamekuja kucheza amapiano na singeli, mkiwakatishia hiyo ili mkwaruze magitaa mtachukiwa bure. Muulizeni pia habari ya kelele maana NEMC, wale wa mazingira, wanapima sauti za baa na wakija wanaanza na yeye, sio nyie. Usajili na vibali vya BASATA, baraza la sanaa, navyo msisubiri wiki ya shoo.

Sasa saundi, hapa ndo bendi nyingi zinafia. Baa nyingi miksa yake, ile mashine ya kuchanganyia sauti, ni ndogo na spika ni za kupigia miziki na kuonyeshea mechi, halafu nyie mnafika na maiki tatu, gitaa, besi na drams mnataka vyote viingie humo. Haviingii! Kwenye chumba kidogo drams hazihitaji maiki, zinasikika zenyewe mpaka barabarani, kwa hiyo drams ndo kipimo chenu: gitaa lipande mpaka lilingane nazo liishie hapo, besi hivyo hivyo, spika za baa mziachie sauti ya mwimbaji peke yake. Mwimbaji asiposikika watu hawajui hata anaimba lugha gani. Halafu spika zikae mbele ya maiki zikiwaangalia watu, ukiziweka nyuma ya mwimbaji maiki inaokota sauti iliyotoka kwenye spika, inairudisha tena, inazunguka hivyo mpaka unasikia ule mlio wa kupasua masikio. Mimi shoo yangu ya kwanza niliziweka nyuma, mama wa jikoni akatoka na mwiko wake kuuliza nani kakanyaga paka.

Umeme utakatika, hilo lihesabuni kabisa. Jenereta ya baa mara nyingi ni ya friji na taa, mkichomeka ampu mbili za magitaa inazima. Kwa hiyo muwe na nyimbo mbili za gitaa kavu na makofi, sisi zimetuokoa mara mbili na mara ya pili watu waliwasha tochi za simu wakatulia kuliko tulivyokuwa tunapiga na umeme. Bebeni nyuzi za akiba, hasa ile nyembamba kabisa ndo inakatika sana, na betri za volti 9 za pedali, vile vidude vya mguuni vya kubadili sauti ya gitaa.

Nyimbo sita zinatosha. Ya kwanza iwe ya kasi, ya pili iwe kitu wanachokijua, bongo fleva ya zamani au dansi mmeigeuza rock, hapo ndo vichwa vinageuka, zenu wenyewe zifuate. Akitokea mtu kusema rock ni ya wazungu mwambieni Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya rock ya Queen, kazaliwa Unguja 1946 halafu endeleeni kutyuni. Beatles, ile bendi ya Waingereza, mwaka 1960 walikuwa Hamburg, Ujerumani, wanapiga masaa na masaa kila usiku kwenye vilabu vya walevi, ndo wakaivia huko, ila huku hakuna baa itakayokupa masaa hayo, kwa hiyo nyie ivieni kwenye shoo fupi fupi nyingi, hata mbili kwa mwezi.

Hela mwanzoni ni ndogo, msigombane. Dai nauli na chakula, Moshi ni kama kilomita 80 na kirikuu ya kubeba drams haiendi kwa mapenzi ya muziki. Mkimaliza kupiga msikimbilie bia, mmoja amfuate mwenye baa hapo hapo watu wakiwa bado wanashangilia aombe tarehe nyingine, kesho yake atakuwa kashasahau. Wengine wakunje nyaya na wazihesabu kabla kirikuu haijaondoka, ya kwetu moja ipo Moshi mpaka leo.