Bwawa limejaa magugu? Jua gugu lako kwanza kabla ya kuagiza samaki kapu

Wenye mabwawa huku kwetu Malindi, kuanzia Langobaya na Jilore mpaka kule Marafa, na hawa wenye vijihoteli waliochimba bwawa ili wageni watupe mshipi jioni, malalamiko ni yale yale: maji yamefunikwa, ndoano ikishuka inarudi na furushi la majani, samaki wenyewe huwaoni. Halafu mtu anasikia kuna samaki anaitwa kapu mla nyasi, anakula magugu kutwa kucha, basi anataka aletewe hamsini kesho. Hapo ndo nasema hebu ngoja kwanza.

Samaki mwenyewe ni wa kweli na kazi anaifanya, hilo sibishi. Kwao ni mashariki ya Asia, mito ya China mpaka mto Amur mpakani na Urusi, na Marekani walimleta 1963 kwa kazi hii hii ya kusafisha maji. Mdomoni hana meno, meno yako kooni, huko ndiko anakosagia nyasi, na kwa vile hana tumbo la kuhifadhi, chakula kinapita haraka na karibu nusu yake inatoka bila kumeng'enywa. Sasa hiyo nusu inayotoka ni mbolea majini, ndo maana bwawa lililokuwa na majani mengi maji masafi linaweza kuishia bila jani hata moja lakini maji yamekuwa kijani kibichi. Ukiwa na tilapia hiyo si mbaya sana, ila kama ulitaka mgeni aone samaki kule chini, pole.

Kitu cha kwanza ni gugu gani unalo. Ingia ukingoni na gumbuti, vuta konzi moja, litazame mkononi. Kama ni lile linaloota chini ya maji, shina jembamba lenye vijani vidogo vinne mpaka vinane vimezunguka kila pingili na ukivipitisha vidole vinakwaruza, hilo ni haidrila, na kapu analipenda sana. Kuna lingine halina majani ya maana, linakwaruza kama lina mchanga na ukilifikicha linanuka kitunguu saumu, hilo pia atakula. Yale madogo madogo ya kuelea kama nukta, atayala akiwa bado mdogo, akikua hayamshughulishi. Lakini gugu maji lile la maua ya zambarau, yungiyungi, matete na mafunjo ya ukingoni, hayo atapita kando tu, ni magumu kwake. Na wengi wanaonipigia simu, nikiuliza vizuri, shida yao ni matete na yungiyungi! Sasa kapu wa nini hapo? Hapo ni panga, jembe na vijana wawili.

Tuseme gugu ni la chini ya maji kweli. Idadi ndo inayoponza watu. Huko Marekani mapendekezo mengi yako kati ya samaki 5 na 20 kwa eka nzima, kulingana na magugu yalivyo mengi. Eka nzima jamani, mita za mraba zaidi ya 4,000. Bwawa la mita 300 za mraba, saizi ya yale yaliyochimbwa nchi nzima ule mpango wa serikali wa 2009, linataka kapu mmoja, wakizidi sana wawili. Na wenzetu wa kule wana majira ya baridi ambayo samaki karibu anaacha kula kabisa. Huyu anakula vizuri maji yakiwa nyuzi 20 kwenda 30 hivi, na maji ya Malindi yako humo karibu mwaka mzima, kusi ipige kaskazi ipige yeye anatafuna tu. Kwa hivyo mimi naona tuanze na ile idadi ya chini, tungoje, maana kuongeza ni rahisi ila kupunguza ni kazi, ni samaki anayeruka juu ya neti bila aibu. Na usitarajie mwezi mmoja, mpe hata mwaka. Wakiwa wengi wanamaliza kila jani, vifaranga vya tilapia vinakosa pa kujificha, kingo zinabaki tupu na matope yanapanda. Acha majani kidogo, tuseme sehemu moja kwa tano ya bwawa.

Mchague mkubwa, sentimita 20 mpaka 30, chini ya hapo atakuwa chakula cha kambare, mnandi na kenge. Na usimwagie chakula cha dukani mahali anapokula majani, akishazoea chembe za bure magugu anayaacha.

Sasa hili la mafuriko nataka mlisome mara mbili. Kapu hazai bwawani, mayai yake yanataka maji yanayotembea yachukuliwe yakielea mpaka yaanguliwe, kwa hivyo ndani ya bwawa huna wasiwasi. Wasiwasi ni nje. Sabaki ni mto mrefu, wa pili Kenya, una joto na unafurika, mwisho wa 2023 tuliona wenyewe maji yalivyoingia mashambani Magarini. Kapu wakitoroka wakaingia mtoni hakuna wa kuwarudisha, na majani ya mtoni ndo maficho ya samaki wetu wa asili. Kwa hivyo kama bwawa lako liko bonde la mto, mimi nakwambia wazi, usiweke. Kama liko juu, weka waya wa matundu madogo kwenye paipu ya kutolea maji na mahali maji yanapomwagikia, usafishe kila baada ya mvua maana ukiziba maji yatapita juu ya tuta na samaki nao. Wenzetu wa Marekani wanatumia kapu tasa, mayai yanabanwa kwa presha au joto yakishatungishwa ndo samaki anatoka hana uzazi, hao ndo salama zaidi. Na kuleta samaki hai kutoka nje bila kibali ni kosa, usinunue kwa mtu wa ndoo barabarani, pita ofisi ya uvuvi ya kaunti kwanza uulize.

Usipopata kibali hujakwama. Magugu yanaota kwa sababu jua linafika chini, na linafika kwa sababu ukingo ni kina kifupi. Chimba kingo zishuke haraka mpaka mita moja hivi, nusu ya shida imeisha. Ng'ombe wasinywe humo, samadi wanayoacha ndo inalisha majani. Kuna wanaotia mbolea maji yawe kijani yafunike jua, sawa, lakini fanya hivyo bwawa likiwa safi, ukitia magugu yameshaota unayanenepesha wewe mwenyewe. Bata wanamaliza yale madogo ya kuelea vizuri sana.

Ukivuta kwa mkono, tumia reki au kamba mbili za pande mbili mburute pamoja, ukusanye kila kipande kwa sababu haidrila ikikatika kila pingili inaota upya. Usirundike ukingoni mvua irudishe, peleka chini ya minazi. Na vaa gumbuti mpaka gotini au zaidi, wale konokono wa kichocho wanakaa kwenye haya majani.

Dawa ya shambani usimwage majini. Ile ya kuua nyasi ambayo kila duka inayo haifanyi kitu kwa gugu lililozama, na vilivyochanganywa ndani yake vinaweza kuua samaki. Hata dawa inayofaa, majani yakifa yote kwa pamoja yanaoza, oksijeni inaisha, alfajiri unakuta samaki wanahema juu ya maji mdomo wazi. Ukiona hivyo ingiza maji mapya au washa pampu irushe maji juu saa hiyo hiyo, usingoje jua. Kutibu iwe theluthi moja ya bwawa, ungoje wiki mbili tatu, theluthi nyingine.

Kapu wakishapita miaka 5 hivi wanapunguza kula wakati mwili umeshakuwa wa kilo kumi au zaidi, kwa hivyo watoe. Neti watairuka, wazoeze mkate sehemu moja kila jioni kisha tia ndoano kwenye mkate huo huo, hata mgeni atafurahi. Nyama yake ni nyeupe na tamu ila miiba midogo imejaa humo ndani, mchane mistari ya karibu karibu kabla ya kumkaanga.