Kuchagua Kipenyo cha Bomba la Darubini ya Bunduki ya Kuwindia

Anayenunua darubini ya bunduki kwa mara ya kwanza huangalia nguvu ya kukuza, kisha ukubwa wa lenzi ya mbele, na mwishowe hukutana na kipimo cha tatu ambacho hakukitarajia, nacho ni kipenyo cha bomba, yaani ile sehemu ya katikati iliyonyooka ambayo hushikwa na pete juu ya bunduki. Vipimo vinavyopatikana kwa wingi ni inchi 1, ambayo ni sawa na milimita 25.4, kisha milimita 30 na milimita 34. Inchi 1 ndicho kipimo kilichozoeleka Marekani kwa miongo mingi, ilhali milimita 30 ilienea kutoka Ulaya. Vipo pia vipimo vya 35, 36 na hata 40 kwa darubini chache za masafa marefu, pamoja na milimita 26 ya darubini za zamani za Ulaya, ambayo nitairudia baadaye kwa sababu huwaponza watu.

Kwanza iondolewe dhana moja ambayo imeuza darubini nyingi: bomba pana haliongezi mwanga. Mwanga huingia kupitia lenzi ya mbele, na ukubwa wa lenzi hiyo, ubora wa vioo na utando uliopakwa juu yake, pamoja na nguvu ya kukuza iliyochaguliwa, ndivyo huamua picha itakuwa angavu kiasi gani jioni. Upana wa mshale wa mwanga unaofika jichoni hupatikana kwa kugawa kipenyo cha lenzi ya mbele kwa nguvu ya kukuza. Lenzi ya milimita 40 ikikuza mara 8 hutoa mshale wa milimita 5. Ya milimita 56 ikikuza mara 8 hutoa milimita 7, kiasi ambacho mboni ya kijana hufikia gizani, na ambacho mboni ya mtu mwenye umri mkubwa mara nyingi haifikii tena. Bomba halionekani popote katika hesabu hiyo. Muuzaji akisema kwamba darubini ya milimita 30 huona vizuri zaidi jua linapozama kuliko ya inchi 1, muulize lenzi za mbele zina milimita ngapi na vioo ni vya daraja gani. Mara nyingi utagundua kwamba iliyo bora ni bora kwa sababu imetengenezwa kwa gharama kubwa zaidi, wala si kwa sababu ya unene wake.

Hali moja tu inatofautiana kidogo. Darubini fupi za kukuza kuanzia mara 1, zinazofungwa kwenye bunduki za kufuatia wanyama vichakani, hazina kengele, yaani ile sehemu ya mbele iliyopanuka: bomba huendelea kwa upana uleule hadi mwisho. Hapo lenzi ya mbele hulazimika kuenea ndani ya bomba, ndiyo maana zenye bomba la inchi 1 huishia na lenzi ya karibu milimita 20, na za milimita 30 hubeba lenzi ya milimita 24.

Kazi halisi ya bomba pana iko ndani. Katikati ya darubini mna bomba dogo lenye lenzi zinazogeuza picha iwe wima, nalo husukumwa juu, chini na pembeni unapozungusha vifundo vya marekebisho. Kadiri bomba la nje linavyokuwa pana, ndivyo hilo la ndani linavyopata nafasi ya kusogea, na kwa hiyo darubini hupata uwezo mkubwa wa kurekebishwa. Nasema hupata, lakini ni vyema kufahamu kwamba mtengenezaji anaweza kuitumia nafasi hiyo vinginevyo: kuweka lenzi kubwa zaidi za ndani, au kuzidisha unene wa ukuta wa bomba. Ndiyo sababu zipo darubini za milimita 30 ambazo hazizidi zile za inchi 1 kwa marekebisho, na kipimo cha bomba peke yake hakikuhakikishii lolote. Soma kwenye maelezo ya darubini mahali palipoandikwa jumla ya marekebisho ya wima, kwani takwimu hiyo ndiyo inayopaswa kukuongoza.

Takwimu hiyo hutolewa kwa dakika za pembe au kwa miliradiani. Dakika moja ya pembe ni karibu sentimita 2.9 kwenye umbali wa mita 100, na sehemu ya kumi ya miliradiani ni sentimita 1 kwenye umbali huohuo. Umbali ukiongezeka mara tatu, vipimo hivyo navyo huongezeka mara tatu. Darubini nyingi za inchi 1 huwa na jumla ya kati ya dakika 40 na 60, za milimita 30 huwa na kama 60 hadi 80 au zaidi, na za milimita 34 huweza kupita 100. Jumla hiyo huhesabiwa kutoka mwisho wa chini hadi mwisho wa juu, na kwa kuwa bunduki iliyosawazishwa, yaani iliyorekebishwa ili risasi ipige panapolengwa, huacha msalaba wa kulengea karibu na katikati, kiasi unachoweza kutumia kupandisha ili kufidia kushuka kwa risasi ni kama nusu tu.

Sasa linganisha na mahitaji yako. Chukua bunduki ya kaliba ya .308 Winchester iliyosawazishwa kwenye mita 100. Ili kupiga kwenye mita 300, utahitaji kupandisha kama dakika 5. Darubini ya inchi 1 yenye jumla ya dakika 50 inakupa karibu 25 za kupandisha, yaani mara tano ya unachohitaji. Mwindaji anayejiheshimu, na anayemheshimu mnyama, mara chache sana hufyatua nje ya umbali huo, na wengi humaliza maisha yao ya uwindaji bila kugusa kifundo tena baada ya siku ya kusawazisha. Kwa mtu huyo bomba la milimita 34 ni mzigo aliolipia. Hesabu hubadilika kwa mpiga shabaha anayetaka kufika karibu mita 900, ambako kaliba ileile huhitaji karibu dakika 40: huyo anahitaji darubini yenye jumla ya dakika 80 na zaidi, au reli (kipande cha chuma kinachobeba pete juu ya bunduki) iliyoinamishwa kwa dakika 20 ili kumwongezea upande wa juu kwa kumpunguzia upande wa chini. Reli kama hiyo, hata hivyo, ikifungwa chini ya darubini yenye jumla ya dakika 40 tu, inaweza kumaliza marekebisho yote ya chini na kukunyima uwezo wa kusawazisha kwenye mita 100.

Kuna faida ya pili isiyotajwa sana. Lenzi za ndani zikisukumwa karibu na ukingo wa safari yake, picha hupoteza ubora, na marekebisho ya pembeni hupungua kwa sababu bomba la ndani husogea ndani ya duara, wala si ndani ya mraba. Bomba pana huziacha zifanye kazi karibu na kitovu. Hili ni jambo la kweli, ila humhusu anayezungusha vifundo mara kwa mara kuliko anayelenga kwa msalaba uleule kila siku.

Kuhusu uimara, unene wa ukuta ukiwa sawa, bomba la milimita 30 hustahimili kupinda kwa zaidi ya mara moja na nusu ya lile la inchi 1, na pete hulikumbatia kwa mzingo wa milimita 94 badala ya 80. Kwa bunduki zenye teke kali, kama zile za kaliba ya .375 H&H Magnum, mshiko huo una maana. Lakini uzito nao huzidi. Darubini ya inchi 1 yenye lenzi ya milimita 40 na ukuzaji wa mara 3 hadi 9 kwa kawaida huwa na gramu 350 hadi 450. Nyingi za milimita 30 huwa kati ya 450 na 700. Za milimita 34 mara nyingi hukaribia kilo 1. Bunduki inaporuka nyuma, darubini hutaka kubaki ilipokuwa, na iliyo nzito huvuta pete kwa nguvu zaidi, hivyo sehemu ya faida ya mshiko huliwa na uzito wenyewe. Zaidi ya hayo, bunduki nyepesi ya kupandia milima ikibebeshwa kilo moja juu yake huwa nzito kichwani na hugeuka mkononi.

Ukishaamua kipimo, pete lazima zilingane nacho kabisa. Pete za inchi 1 haziwezi kufunga bomba la milimita 30, na hilo huonekana mara moja. Hatari iko kwenye vipimo vinavyokaribiana. Bomba la milimita 26 linaweza kulazimishwa ndani ya pete za inchi 1, kwani tofauti ni milimita 0.6 tu, na la milimita 34 ndani ya pete za 35. La kwanza litabanwa hadi lenzi za ndani zikwame, la pili litateleza baada ya risasi chache. Kwa darubini iliyotumika isiyo na maandishi, pima bomba kwa kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo, mahali pete zitakapokaa kabla ya kununua chochote.

Urefu wa pete nao huathiriwa. Tuseme kengele ya mbele ina upana wa nje wa milimita 48. Kwenye bomba la inchi 1 hushuka milimita 11.3 chini ya ukingo wa bomba, na kwenye bomba la milimita 30 hushuka milimita 9. Kwa pete ambazo urefu wake hupimwa kutoka kwenye kiweko, yaani kitako cha pete juu ya bunduki, hadi ukingo wa chini wa bomba, kuhamia milimita 30 kutainua kengele na mstari wa jicho kwa milimita 2.3; kwa pete zinazopimwa hadi kitovu cha bomba, hakuna kitakachobadilika. Watengenezaji hawakubaliani juu ya njia ya kupima, kwa hiyo soma kabla ya kulinganisha. Chagua pete fupi kadiri kengele inavyoruhusu bila kugusa mtutu, na hakikisha pia kwamba sehemu iliyonyooka ya bomba ni ndefu vya kutosha kufikia viweko vyote viwili, jambo linalowashangaza wenye bunduki za bolti ndefu wanaponunua darubini fupi.

Kaza skrubu za pete kwa bisibisi yenye kipimo cha mkazo, ukifuata maelekezo ya mtengenezaji, ambayo mara nyingi huwa karibu nyutonimita 2. Mkazo wa kukisia kwa mkono ndio huacha michubuko na mibonyeo kwenye mabomba mengi. Baada ya kusawazisha bunduki kwenye mita 100, rekodi mahali kifundo cha wima kilipo, kizungushe polepole hadi mwisho wa juu ukihesabu milio ya kifundo, kisha kirudishe palepale. Ukikuta kwamba kilichobaki ni kidogo sana kuliko nusu ya jumla iliyoandikwa, mara nyingi kosa si la darubini: kiweko au pete haziko sawasawa, na bomba pana zaidi lingeficha tu kasoro hiyo.