Kabla Mtoto wa Mbwa Mwoga Hajakutana na Mbwa Wageni

Mtoto wa mbwa anayejificha nyuma ya miguu yako kila anapomwona mbwa mwingine si mkaidi. Anaogopa, na woga hauishi kwa kusukumwa. Wengi humvuta kwa kamba mpaka mbele ya mbwa mgeni "ili azoee", kisha wiki chache baadaye wanashangaa ameanza kubweka na kutaka kung'ata. Kinachomponya ni kujua kwamba akitaka kuondoka, ataondolewa.

Anza na umri na chanjo, maana viwili hivi huvutana. Mtoto wa mbwa hupokea mambo mageni kwa wepesi tangu wiki ya 3 hivi, na wepesi huo hufifia kati ya wiki ya 12 na ya 14. Chanjo nazo huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, zikarudiwa mpaka afikishe wiki 16 au zaidi. Ukingoja ziishe zote, wakati mzuri umepita. Ukimwachia akanyage kila mahali, anaweza kupata parvo, ugonjwa hatari wa utumbo ambao virusi vyake hudumu kwenye udongo miezi mingi. Kwa hiyo mbebe mikononi, awatazame mbwa kwa mbali, na akutane tu na wale unaojua wana afya na wamechanjwa. Daktari wa mifugo amkague pia masikio na viungo, kwa sababu mbwa mwenye maumivu huwaogopa wanaomsogelea.

Kisha jifunze kumsoma. Mkia kuingia katikati ya miguu ni dalili inayochelewa. Kabla yake hujilamba pua ilhali hakuna chakula, hupiga miayo bila usingizi, huinua mguu mmoja wa mbele, au hugeuza kichwa huku weupe wa jicho ukionekana pembeni. Mimi wangu nilimjulia mdomoni. Akiwa ametulia, alichukua kipande cha nyama kwa ulimi, taratibu. Mbwa mwingine akisogea, alikinyakua kwa meno mpaka vidole vikaniuma. Akisogea zaidi, kipande kilianguka chini bila hata kunuswa. Hapo nilikuwa nimeshachelewa.

Umbali ambao bado anachukua nyama kwa upole ndio pa kuanzia, hata kama ni mita 40. Amwone mbwa kwanza, ndipo apewe. Mbwa akipotea, nyama nayo ikome. Ukitanguliza nyama, ataanza kuishuku nyama yenyewe. Vipande viwe vidogo kama punje ya mahindi, maana vitakuwa vingi.

Mfunge mkanda wa kifuani, si wa shingoni, na kamba ya mita 2 au 3 inayolegea. Kamba iliyokazwa humwambia kuna hatari.

Mbwa wa kwanza kukutana naye awe aliyekomaa, mpole, asiyeshughulika sana na watoto wa mbwa. Mchangamfu anayetaka kucheza hafai kwa sasa, na viwanja vya kuachia mbwa havifai kabisa. Wewe na mwenye mbwa huyo mtembee sambamba mkielekea njia moja, nyinyi mkiwa katikati na mbwa pembeni, mkisogeleana kidogo kidogo. Wasikutanishwe uso kwa uso. Wakinusana, hesabu hadi tatu, umwite kwa sauti ya furaha.

Utaambiwa usimbembeleze, eti utaukuza woga. Si kweli. Akikukimbilia, mpokee.

Panga pia utakachofanya mbwa aliyefunguliwa akitokea ghafla: rusha konzi ya nyama upande wake, geuka, uondoke na wako.

Dakika 5 hadi 10 zinatosha kwa siku. Akishtuka sana, mpumzishe siku moja au mbili, na mkirudi, simameni mbali kuliko mlipoishia.