Kabla Roketi Haijaruka: Maandalizi ya Mashindano ya Roketi za Maji kwa Shule za Dodoma

Mwalimu mwenzangu, ukishakubaliana na klabu yako ya sayansi kwamba mwaka huu mtashindana kurusha roketi za maji, yaani chupa za plastiki zinazosukumwa na maji na upepo wa pampu, amueni mapema kuliko yote mshindi atapatikanaje. Mwaka wetu wa kwanza tulisema kwa ufupi tu kwamba itakayopaa juu zaidi ndiyo imeshinda. Vijana wakasikia hilo, wakaongeza upepo, wakaongeza tena. Chupa moja ilipasuka ikiwa bado kwenye kirushio, kipande cha plastiki kikaruka hadi karibu na walipokaa watazamaji. Mungu alitunusuru, hakuna aliyeumia. Usiku ule sikulala vizuri, na kesho yake nikaifuta kanuni ile.

Tangu hapo tunashindania shabaha. Roketi ibebe yai bichi, ifike mita 25, ikae hewani sekunde 7 tangu kuruka hadi kugusa chini, na yai lirudi bila ufa. Kila mita ya kuzidi au kupungua ni pointi ya adhabu, kila sekunde vilevile, na mwenye pointi chache ndiye mshindi. Mfano huu unatoka Marekani, ambako tangu mwaka 2003 timu za wanafunzi hushindana katika The American Rocketry Challenge: hupewa kimo na muda, hubeba mayai, na yai likipasuka urushaji huo hauhesabiwi. Kanuni hii inabadilisha tabia ya mwanafunzi kabisa. Anayetaka kwenda juu tu anahitaji pampu, ila anayetaka mita 25 kamili anahitaji daftari.

Huko kwao roketi za mfano husukumwa na injini ndogo zilizotengenezwa kiwandani, nyingi zikiwa za baruti, nazo hupangwa kwa herufi: ya B inaweza kufikia msukumo mara mbili ya A, na ya C mara mbili ya B. Sisi tubaki na maji na upepo. Baruti nchini ina sheria yake na vibali vyake, na wala hatuihitaji, kwa sababu sheria ya tatu ya Newton inajionyesha wazi zaidi maji yanapomwagika nyuma na chupa kwenda mbele. Waambie wanafunzi hilo tangu kikao cha kwanza, tena kwa sauti isiyo na mzaha: hakuna kukwangua vichwa vya viberiti, hakuna kuchanganya dawa za maabara, hakuna kujaza kitu chochote kinachowaka ndani ya bomba. Ukimkuta kijana mwenye hamu hiyo usimfukuze klabuni. Mpe kazi ngumu ya mahesabu, maana hamu anayo tayari.

Chupa iwe ya soda, ya lita 2 au moja na nusu. Chupa ya maji ya kunywa ni nyembamba, haikutengenezwa kuvumilia gesi. Ikague kwenye mwanga: yenye mkwaruzo, kunjo au iliyoachwa juani siku nyingi iwekwe kando. Usibandike mapezi (mabawa madogo ya mkiani) kwa gundi ya moto wala usisugue chupa kwa msasa ili gundi ishike, kwani joto na mikwaruzo huidhoofisha pale pale itakapobeba nguvu. Halafu kila chupa ipimwe kabla ya kuitwa roketi. Ijaze maji hadi juu, pasibaki nafasi ya hewa, kisha ipigwe pampu hadi presha ya bari 7. Maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo chupa mbovu ikiachia itapasuka na kumwaga maji, haitarusha vipande kwa nguvu. Iliyofaulu ndiyo irushwe, na isizidi bari 5, ambazo kwenye geji ya fundi wa matairi ni kama PSI 72. Tunaandika idadi ya mirusho kwa kalamu ya wino mzito kwenye shingo ya chupa. Ikifika 10 inastaafu.

Mapezi yanatoka kwenye ndoo ya plastiki iliyopasuka au boksi gumu lililopakwa gundi ya mbao. Matatu au manne yanatosha, yawe chini kabisa na yawe yamenyooka. Kosa ninaloliona kila mwaka ni roketi nzuri ya kutazama ambayo haina uthabiti: inaruka mita tatu, inapinduka, inajipigiza chini. Kitovu cha uzito lazima kiwe mbele, upande wa pua, na kitovu cha nguvu ya hewa, yaani mahali hewa inapoielemea roketi kwa jumla, kiwe nyuma yake, umbali usiopungua upana wa roketi yenyewe. Cha kwanza wanafunzi wanakipata kwa kuisawazisha roketi tupu, ikiwa na yai na parachuti, juu ya kidole. Cha pili, wakate umbo la kivuli cha roketi kwenye boksi na walisawazishe hilo. Kipimo hiki ni cha kukadiria, lakini makadirio yake ni ya upande salama. Baada ya hapo fungeni kamba ya mita mbili na nusu pale kwenye kitovu cha uzito, mmoja aizungushe juu ya kichwa uwanjani. Ikielekeza pua mbele ya mwendo, iko tayari. Ikienda kinyumenyume au ikiyumba, ongezeni udongo wa mfinyanzi puani au mapezi mapana zaidi. Shule yenye kompyuta ipakue OpenRocket, programu ya bure. Haikutengenezwa kwa roketi za maji, lakini kwa kuvitafuta vitovu hivi viwili inawafaa wanafunzi sana.

Parachuti imekuwa na historia yake hapa kwetu. Zamani kila mtu alikata mfuko wa rambo. Tangu Juni 1, 2019 mifuko hiyo imepigwa marufuku, na mifuko mbadala ni mizito, haifunguki haraka. Tumepata dawa kwenye miavuli mibovu: kitambaa chake ni chepesi, kina nguvu, na mbavu za mwavuli zinaonyesha mahali pa kukata. Kwa roketi ya gramu 300 hivi ikiwa na yai, parachuti ya kipenyo cha sentimita 60 itaishusha kwa kasi inayokaribia mita 5 kwa sekunde. Hapo wanafunzi waone wenyewe zile sekunde 7 zinatoka wapi: mbili hivi za kupanda, tano za kushuka. Nyuzi ziwe nane, za nailoni, urefu sawa. Pua ivalishwe kwa kulegea kidogo ili ichomoke yenyewe roketi ikifika kileleni. Na parachuti ikikunjwa usiku inagandana, basi wainyunyizie poda ya mtoto na kuikunja upya asubuhi uwanjani.

Kuhusu kirushio sitasema mengi, kwani fundi baiskeli yeyote wa mtaani atakusaidia kupitisha valvu kwenye bomba. Ninachosisitiza ni vitu vitatu: mpira wa upepo usiopungua mita 5 kati ya pampu na chupa, geji inayosomeka, na koki ya kutolea upepo iliyo upande wa mpigaji pampu. Roketi ikigoma kuachia, asiisogelee mtu. Koki ifunguliwe kwa mbali, geji isome sifuri, ihesabiwe dakika nzima, ndipo mwalimu aende. Wote walio karibu na pampu wavae miwani ya kinga. Ikiwa ipo minne, wawe wanne tu.

Sasa daftari, ambalo kwangu ndilo mashindano yenyewe. Timu isiruhusiwe kushiriki bila kumbukumbu ya mirusho isiyopungua 12 ya mazoezi. Kila mrusho uandikwe: mililita za maji, presha, uzito wa roketi, hali ya upepo, kimo, sekunde, na kilichoharibika. Wabadilishe kitu kimoja tu kwa wakati. Waanze na maji: presha ile ile ya bari 4, maji mililita 400, halafu 500, 600, 700, 800. Watashangaa. Maji machache yanaisha kabla roketi haijapata msukumo wa kutosha. Maji mengi yanaifanya nzito na kuinyima hewa nafasi. Mahali pazuri panaangukia karibu na theluthi ya chupa, lakini usiwaambie. Waache wachore grafu, waione ikipanda na kushuka. Nimewahi kumwona binti wa Kidato cha Pili, aliyekuwa akinyamaza vipindi vyote vya fizikia, akisimama mbele ya grafu yake na kusema, "Mwalimu, mimi sasa naweza kuiambia ishukie wapi." Alikuwa sahihi, alikosea chini ya mita moja na nusu.

Kimo kinapimwa kwa protrakta, uzi na nati inayoning'inia mwishoni mwa uzi huo. Mpimaji asimame mita 30 kamili kutoka kwenye kirushio, zilizopimwa kwa futikamba wala si kwa hatua, aifuate roketi kwa macho na abane uzi inapofika kileleni. Akisoma digrii 40, tanjenti yake 0.839 mara 30 ni mita 25.2, aongeze urefu wa macho yake, tuseme mita 1.5, apate 26.7. Digrii moja ya kukosea hapo ni karibu mita moja, kwa hiyo wapimaji wawe wawili, wakiukabili upepo kwa ubavu, mmoja upande huu na mwingine ule, na wastani wao ndio uandikwe. Wafanyie mazoezi kwenye mnara wa tenki la shule ambao urefu wake mnaujua.

Upepo wa Dodoma unastahili heshima. Kuanzia Julai hadi Septemba mchana unavuma kwa nguvu, na katikati ya uwanja mkavu chamchela huinuka bila taarifa, ikabeba parachuti hadi shamba la zabibu la jirani. Asubuhi huwa kumetulia. Panga mrusho wa kwanza saa moja asubuhi na wa mwisho kabla ya saa nne, na hilo lina maana kwamba gari la shule ya mbali, ya Bahi au Kongwa, liondoke alfajiri, au wanafunzi walale mjini. Vyama vya roketi za mfano huko nje huzuia kurusha upepo ukizidi kilomita 32 kwa saa. Kwa roketi nyepesi kama zetu nashauri msimame mapema zaidi: vumbi na makaratasi yakianza kuinuka, subirini. Na muda wa kusubiri usipotee. Wasimulie kwamba Desemba 12, 1970, kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei angani, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Uwanja uwe na nafasi ya mita 100 kila upande, usio na nyaya za umeme, na uwe mbali na reli ya kisasa, kwani nyaya zilizo juu yake zina volti 25,000 na roketi iliyonasa huko si ya kufuatwa kabisa. Kiwanja cha ndege cha Dodoma kiko katikati ya mji. Shule zilizo karibu nacho zihamie pembeni, na popote mtakapokuwa andikeni barua kwa mwenyekiti wa mtaa na kituo cha polisi, mkieleza ni maji na hewa, kimo gani na saa ngapi. Ukienda vijijini, zungumza na wachungaji siku moja kabla. Ng'ombe wakikurupuka kwa mlio wa chupa, hasara ni ya mwenye ng'ombe. Wako pia watoto wa jirani, ambao watakimbilia kila roketi inayoshuka. Parachuti isipofunguka, roketi inashuka kama mshale. Weka wanafunzi wanne wa kulinda mipaka, na watazamaji wakae mita 20 nyuma, wakiwa wamesimama, macho juu.

Katika kugawa kazi, naomba sana mwalimu awe mkali kwa jambo moja. Wavulana wakiachiwa watashika msumeno na pampu, wasichana watapewa kalamu waandike. Kazi zizunguke kila mrusho: aliyepiga pampu apime, aliyepima akunje parachuti. Na mikono yako wewe ikae mfukoni. Pezi lililobandikwa upande na mwanafunzi litamfundisha kuliko lililonyooshwa na mwalimu usiku.

Maji ya kurushia si mengi kama watu wanavyodhani. Timu 8, mirusho 3 kila moja, mililita 600 kila mrusho, ni lita 14.4, dumu moja la lita 20 linatosha. Ya kunywa yawe mbali na hayo, tena mengi. Beba washa za ziada za kirushio, tepu, mkasi, boksi la huduma ya kwanza, mizani ya jikoni, na viatu vizito kwa watakaofuata roketi kwenye miiba.

Mayai yanunuliwe na mratibu mmoja jioni ya kuamkia mashindano. Yai la kienyeji linaweza kuwa gramu 40 na la kisasa 60, na timu iliyofanya mazoezi na la kisasa ikipewa la kienyeji itapita shabaha bila kosa lake. Nunua trei mbili, yapime yote, chagua yenye gramu 55 hadi 60, yagawe asubuhi mbele ya timu zote. Yatakayobaki wakaangieni wanafunzi kabla ya kuanza, maana wengi watakuwa wameamka saa kumi alfajiri.