Samaki ana doa jekundu? Mtazame kwanza

Mnaofuga samaki wa tangi hapa Tanga, mkiona wekundu msikimbilie dawa. Hesabu kwanza wangapi wanao. Akiwa mmoja, alama iko upande mmoja, magamba yametoka au pezi limechanika, huyo kang'atwa na mwenzake au kajikwaruza. Zima taa, mulika tangi kwa tochi usiku. Wagomvi wengine utawafuma kazini. Na yale matumbawe na makombe mliyookota ufukweni Raskazone yatoeni. Yana ncha kali, tena chokaa yake hupandisha pH (kipimo cha uchachu wa maji; ikipanda, uchachu hupungua), na hapo amonia, sumu ya uchafu wa samaki, huzidi ukali. (Joto letu nalo halisaidii.)

Wakiwa wengi, mapezi yana mistari myekundu, matamvua yamekuwa mekundu na wanahema juu ya maji, shuku maji. Badilisha robo yake kwa maji ya bomba yaliyolala ndoo wazi usiku kucha ili klorini (dawa ya kusafishia maji) itoke, na punguza chakula.

Kama katikati ya wekundu kumetokeza kitu chembamba mfano wa uzi, hicho ni kimelea kimejichimbia. Kidonda kinachochimbika na kupanuka kila siku ndicho cha kutafutia dawa. Mtenge mgonjwa kwenye chombo chake chenye pampu ya hewa.