Namna ya kutabasamu kwa makusudi ukiamka na moyo mzito

Juzi alfajiri binamu yangu, muuza vitenge, alinipigia: kaamka moyo mzito, duka linamsubiri, hataki wateja wamkute amenuna. Nikamwelekeza kwa simu zoezi ninalolifanya kila siku kabla ya zamu yangu ya mapokezi.

Hatua ya 1. Kaa, shusha mabega, legeza taya.

Hatua ya 2. Shika kioo kidogo. Kamera ya simu siitaki kabisa: utaanza kukagua chunusi, mara ujumbe umeingia, zoezi limeishia hapo.

Hatua ya 3. Pandisha mashavu. Hapa ndipo nilipopotezea karibu mwezi mzima. Nilikuwa navuta midomo tu, meno nje, taya zinauma, moyo uko palepale. Duchenne, tabibu Mfaransa, aliandika mwaka 1862 kwamba msuli unaovuta pembe za midomo hukutii ukiuamuru, lakini ule unaozunguka jicho huamshwa na furaha ya kweli. Kwa hiyo usiangalie mdomo. Sukuma mashavu juu mpaka kope za chini zipande kidogo na vikunjo vitokee pembeni mwa macho. Vikigoma, mkumbuke mtu unayempenda. Mimi humkumbuka bibi akiita kuku wake kwa majina, na macho hufuata yenyewe.

Wengine watakwambia ung'ate kalamu kwa meno, mdomo ukae kama unaotabasamu. Njia hiyo ilivuma kutokana na jaribio la 1988, lakini maabara 17 zilipolirudia, matokeo yaliyotangazwa 2016 hayakuliunga mkono. Utafiti wa 2022, wenye watu 3,878 katika nchi 19, ulionyesha kwamba kuiga picha ya mtu anayetabasamu, au kupandisha mashavu na pembe za midomo kwa kukusudia, huongeza furaha. Kwa kalamu, jibu halikuwa wazi. Na nyongeza yenyewe ni ndogo: inakutoa kitandani, haikumalizii matatizo.

Hatua ya 4. Hesabu hadi kumi, achia, pumua. Mara tatu.

Ukiwa na msiba, acha zoezi hili, lia. Huzuni ikipita wiki mbili, usingizi na hamu ya kula vikapotea, nenda hospitali.

Binamu alipofika raundi ya tatu ya zoezi nilimwambia aseme "karibu mteja". Sikumwona, ila sauti ilikuwa imeshabadilika.